Chumbe: Kisiwa Tunachokipita Kila Siku

Nasema mapema ili hata asiyesoma mpaka mwisho asikose: nendeni Chumbe! Iacheni kidogo Nungwi, iacheni Kendwa, iacheni hata Changuu na makobe wake ambao kila mgeni lazima apelekwe kuwaona, mpande boti Mbweni mwende kwenye kisiwa hiki kidogo kilichoko kusini-magharibi ya Mji Mkongwe, kama kilomita 12 tu kutoka mjini. Wengi wetu tumekitazama kwa dirisha la boti ya Dar es Salaam tangu utotoni, wala hatujawahi kukanyaga mchanga wake. Mimi sasa nimeukanyaga, nimeingia maji yake, nimepanda mnara wake, na mpaka naandika hivi moyo haujatulia.

Mnara wenyewe mnaujua. Ukitoka bara, uko upande wako wa kulia, umechomoza juu ya miti. Abiria wakiuona tu, kina mama wanaamsha watoto, mizigo inaanza kuburutwa, na mwenye simu anamwambia anayemsubiri bandarini kuwa tushaingia. Kwa miaka yote hiyo Chumbe imekuwa dalili ya kufika kwengine. Hakuna aliyetuambia kwamba chini ya maji yale tuliyokuwa tunayapita, tukiwa na hamu ya urojo na foleni ya bandarini, kuna mojawapo ya bustani bora za matumbawe duniani. Sitii chumvi. Tukifika kwenye hesabu mtaona.

Kwa asiyejua kabisa: Chumbe ni kisiwa cha jiwe la matumbawe. Urefu wake ni kilomita moja na kidogo, upana haufiki hata nusu kilomita, na eneo lote ni hekta 20 na ushei. Hakina kijiji, hakina kisima, hakina barabara, hakina gari. Mwamba ulioko upande wake wa magharibi ulitangazwa na Serikali ya Zanzibar kuwa hifadhi mwezi Disemba 1994, na mwaka 1995 msitu wa kisiwa nao ukawekwa chini ya ulinzi. Hifadhi ya bahari iliyofanya kazi kwa vitendo, yenye walinzi na mipaka inayoheshimiwa, haikuwapo Tanzania kabla ya hiyo. Na duniani kote, ndiyo hifadhi ya bahari ya kwanza ambayo serikali iliikabidhi kampuni binafsi iiendeshe. Kampuni yenyewe, Chumbe Island Coral Park, haikuundwa kwa ajili ya faida: pesa za wageni zinarudi kwenye ulinzi wa mwamba na masomo ya wanafunzi. Aliyelianzisha jambo hili mwaka 1991 ni Mjerumani, Sibylle Riedmiller, na kutoka wazo mpaka kupokea wageni mwaka 1998 ilichukua miaka ya kupanda na kushuka ngazi za ofisi. Angekuwa mwengine angeshakata tamaa.

Sasa twende majini, maana huko ndiko kwenye mambo.

Unapewa miwani ya kuzamia, mpira wa kupumulia na mapezi ya miguu, na asiyejua kuogelea anavalishwa jaketi la kuokolea, hakuna aibu wala mashindano. Boti ndogo inawasogeza mpaka ukingoni mwa mwamba, mlinzi wa hifadhi anashuka nanyi, na maelekezo ni machache: msisimame juu ya matumbawe, msiguse, msichukue kitu, hata gamba la kombe lililokufa. Nikainamisha uso majini.

Jamani!

Mtu unakulia pwani, unakula samaki kila siku, majina yao unayajua kwa kichwa, kumbe unawajua wakiwa wamelala juu ya meza ya soko la Darajani, macho yamefifia na rangi imekufa. Hapa wako hai. Kundi la kangaja lilinipita mbele ya miwani, jingine likafuata, na nyuma yake jingine. Tasi walikuwa wanatafuna majani ya baharini bila haraka. Vikande wakali wakilinda viota vyao. Changu wamesimama wote wametazama upande mmoja, wanasubiri mkondo uwaletee riziki. Kwenye pango la jabali alikuwemo chewa, mkubwa, mnene, mdomo uko wazi, akanitazama kwa muda mrefu na hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kuondoka. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko rangi zote: samaki wa Chumbe hawakimbii. Nje ya hapa, kivuli cha mtu kikipita, samaki ashatoweka, kwa sababu amefundishwa na mishipi, madema, nyavu na bunduki za mishale. Chewa yule hajafundishwa hivyo. Anamtazama binadamu bila ya kumhesabu kuwa ni adui.

Halafu masikio. Hakuna aliyeniambia kuwa bahari ina kelele. Ukitulia, unasikia kitu kinasaga, kinakwaruza, kinavunja. Ni pono. Pono ana meno yaliyoungana yakawa mdomo mgumu wa kasuku, na kazi yake mchana kutwa ni kung'ata mwamba ili apate mwani ulioota juu yake. Jiwe analoling'ata linasagwa kwa meno ya kooni na linatoka nyuma likiwa unga mweupe. Nilimfuata mmoja mpaka nikamuona anauachia, wingu dogo likashuka taratibu chini. Ule mchanga mweupe wa fukwe zetu, ule tunaoupigia picha na kuuweka kwenye mabango ya utalii, sehemu yake imetoka tumboni mwa pono! Ukiwamaliza pono, mwani unafunika matumbawe, matumbawe yanakufa, na mchanga mpya hauji. Nimesoma mambo haya zamani. Kuyaona mbele ya pua ni habari nyengine.

Na matumbawe yenyewe. Mengine yametandazwa tabaka juu ya tabaka, yamepinduliwa chini juu kama makawa yaliyoanikwa juani. Mengine yana matawi ya buluu na zambarau nchani. Mengine ni majabali ya mviringo, makubwa kuliko chumba cha kulala, na hayo nayaomba myafikirie kidogo. Tumbawe ni mnyama. Ni wanyama wadogo mno, maelfu kwa maelfu, kila mmoja anajijengea kikombe chake cha chokaa juu ya cha aliyemtangulia. Jabali la namna ile hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, au pungufu. Basi piga hesabu: jabali nililokuwa nimeelea juu yake lilikuwa tayari na umri wa kutosha Sultani Sayyid Barghash alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883. Na nyumba zote za Mji Mkongwe, kuta zake nene, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa ya matumbawe na kufunikwa kwa boriti za mikoko. Mji ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 umejengwa kwa vifaa vya bahari hii. Chumbe nimeliona jiwe lile lile likiwa bado linapumua.

Ahadi ni deni, kwa hiyo hesabu hii hapa. Samaki walioorodheshwa kwenye mwamba huu ni zaidi ya aina 400. Matumbawe magumu ni kama aina 200, na wataalamu wanasema hizo ni takriban asilimia 90 ya aina zote zilizowahi kuandikwa Afrika Mashariki. Kwenye mwamba mmoja! Mwamba ambao ukiogelea kwa utulivu unaweza kuukagua sehemu kubwa kabla ya chakula cha mchana! Sijui nchi gani nyengine ina hazina ya namna hii mlangoni mwa mji mkuu wake, mahali ambapo ukitoa kichwa majini unaziona meli zikiingia bandarini.

Na imesalimika vipi? Kwa bahati kwanza, kisha kwa jasho. Miaka mingi wavuvi hawakuruhusiwa kuvua upande ule wa magharibi, kwa sababu ya eneo la jeshi na njia ya meli kubwa. Wakati pwani ya bara ikiteswa na uvuvi wa baruti, na juya la kukokota likipasua miamba kwengine, mwamba huu ulikuwa umeachwa. Halafu ikaja hifadhi, na hapa ndipo ninapowavulia kofia waliofikiri: walinzi walitafutwa miongoni mwa wavuvi wenyewe, watu wa vijiji vya jirani, wakafundishwa, na hawakupewa silaha. Mlinzi akiona ngalawa imeingia kwenye mpaka anaifuata, anasalimia, anakaa na mwenzake na kumueleza kwa nini. Mvuvi kwa mvuvi. Anamwambia jambo ambalo mvuvi yeyote mzima anaweza kulipima: kuwa hapa ndipo samaki wanapozaa na kukulia, na wakijaa humu wanamwagika huko nje kwenye mishipi yako. Samaki hana pasipoti.

Mlinzi tuliyekuwa naye ni mtu mzima, mikono yake bado ina makovu ya mishipi, na chini ya maji alikuwa ananionyesha vitu kwa kidole bila kugusa hata kimoja. Chaza mkubwa mwenye midomo ya kijani na buluu, anaifunga ukimpitishia kivuli. Samaki mdogo wa rangi ya chungwa aliyejificha kwenye mikono yenye sumu ya anemoni wa baharini, ambayo samaki wengine hawathubutu kuisogelea. Taa mwenye madoadoa ya buluu, amelala chini ya meza ya tumbawe, mkia tu uko nje. Kisha akaninyooshea kidole kwa haraka, nikageuka: kasa! Ng'amba mzima, anapiga makasia yake polepole, hakutujali, akaenda zake kwenye kina. Nilisahau kupumua kwa mpira, nikanywa maji ya chumvi, na ningeyanywa tena.

Baada ya hapo tulikutana na kiti cha pweza chenye miiba, na sura ya mlinzi ikabadilika. Huyu anakula matumbawe yakiwa hai. Wakiwa wachache si neno, wakizidi wanaacha uwanja mweupe wa mifupa. Walinzi wanawatoa mmoja mmoja, na wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka. Naomba mnielewe: kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kukagua bustani iliyoko chini ya bahari na kuipalilia kwa mkono. Adui mwengine hawamuwezi kwa mkono. Mwaka 1998 na tena 2016, joto la bahari lilipanda Bahari ya Hindi yote, matumbawe yakapauka, na Chumbe nayo ikaguswa. Sehemu zilizopigwa nilionyeshwa. Na juu yake nilionyeshwa matawi madogo mapya, urefu wa kidole, yanaota.

Maji yakipwa, na hasa kipindi cha bamvua, bahari inavuta mbali na kuacha madimbwi kwenye jiwe. Hapo huhitaji kujua kuogelea. Unatembea kwa viatu vya mpira, unachungulia: pweza anabadilisha rangi, jongoo bahari wamelala, vikaa vinakimbia ubavu, konokono wa kila umbo. Watoto wangepewa saa nzima hapo wasingeomba simu.

Nyuma ya ufukwe ni msitu, na msitu huu nao una ajabu yake. Hakuna udongo wa maana, hakuna maji baridi chini ya ardhi, ni jiwe tupu lenye makali ya kukata kiatu. Hata hivyo miti imeota, mizizi imeteremka kwenye nyufa, majani ni magumu na yanang'aa, na kivuli kimefunga mpaka jua linaingia vipande vipande. Njia imepitishwa kati yake. Inama utazame unapokanyaga: ndani ya jiwe kuna makombe makubwa yaliyogeuka mawe, bado yamefunguka midomo. Msitu wote umesimama juu ya mwamba wa matumbawe wa kale, wa zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko sasa. Bustani ya chini ya maji niliyotoka kuiogelea na jiwe lililobeba msitu ni kitu kimoja, umri ndio tofauti.

Humu waliletwa paa nunga mwishoni mwa miaka ya 1990, ili kama mambo yakiharibika kwengine kuwe na akiba. Paa nunga ni yule paa mdogo mwenye mkanda mweupe mapajani, na duniani yuko Unguja na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya, basi. Hakujitokeza, na nimeridhika asijitokeze. Mnyama aliyewindwa kwa mbwa na nyavu vizazi kwa vizazi ana haki ya kujificha. Panya walimalizwa kisiwani miaka hiyo hiyo, ndege wakapata nafuu ya mayai yao.

Usiku ndio wa kaa. Nililala kisiwani, na nawasihi mwenye uwezo alale, kwa sababu kaa wa minazi hatoki mchana. Ni mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu duniani, anaweza kufikisha kilo 4, na miguu akiinyoosha inakaribia mita moja. Tulitoka na tochi. Wa kwanza alikuwa kwenye shina la mti, rangi yake ni buluu iliyochanganyika na kahawia, gando moja lilitosha kushika kifundo cha mkono wangu, nami sikulijaribu. Anapanda. Anavunja nazi. Maisha yake anayaanzia baharini akiwa kiluwiluwi kisichoonekana kwa macho, kisha anahamia nchi kavu, na akishahamia hana ruhusa ya kurudi: ukimtumbukiza majini sasa anazama na kufa. Visiwa vingi vya Bahari ya Hindi na Pasifiki wamemla mpaka amekuwa adimu. Chumbe yuko kwa wingi, anavuka njia mbele yako kwa mwendo wa mwenye nyumba.

Mnara sasa. Jengeni picha ya Zanzibar ya mwaka 1904. Nchi iko chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890. Sultani ni Ali bin Hamud. Miaka minane nyuma, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipiga makombora jumba la Sultani katika vita ambavyo havikumaliza hata saa moja, na mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibika. Saa ikaja kupachikwa kwenye uso wa jumba lenyewe. Meli za moshi zinaongezeka, karafuu zinasafirishwa, na njia ya kuingilia kutoka kusini ina miamba ya kutoboa chuma. Hapo ndipo Waingereza walipojenga mnara wa Chumbe. Mwaka 1926 taa yake ikabadilishwa ikawa ya gesi. Mnara ulikuwa na umri wa miaka kumi tu Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoivamia Pegasus ya Waingereza karibu na bandari ya Unguja na kuizamisha. Umeona majahazi ya kaskazi, umeona mapinduzi ya 1964, umeona boti za kisasa. Bado unafanya kazi!

Ngazi ni zaidi ya mia, nyembamba, zinazunguka, na ndani ni joto. Pandeni taratibu. Juu unatoka kwenye upepo, na kila kitu kinakaa mahali pake: Unguja yote ya magharibi imelala mbele yako, Mji Mkongwe ni mstari wa weupe upande wa kaskazini, na chini ya miguu yako mwamba wenyewe unaonekana kwa rangi, buluu nyepesi ikikatika ghafla na kuwa buluu nzito pale ukingo unapoteremka. Boti ya Dar es Salaam ilikuwa inapita. Niliwapungia mkono abiria nikiwa na furaha ya kitoto kabisa.

Karibu na mnara walikaa walinzi wa taa, na hao walijenga msikiti. Nenda uuone. Ni mdogo, ujenzi wake una mtindo wa Kihindi, tofauti na misikiti yetu ya Unguja iliyozoeleka, na wafanyakazi wa hifadhi wanautumia. Watu wachache mno, wametengwa na bahari, kazi yao kuwasha taa isizimike, na jambo walilolitilia bidii ni mahali pa kuswali. Nyumba yao ilikuwa gofu. Sasa imetengenezwa na kuezekwa makuti marefu, ndipo wageni wanapokula na wanafunzi wanapofundishwa.

Kuhusu malazi nitasema kidogo tu, ingawa magazeti ya nje yanaandika juu ya hayo zaidi kuliko samaki. Nyumba za wageni ni 7, za boriti na makuti, na kila moja inajitegemea. Paa linakinga mvua, maji yanachujwa na kuhifadhiwa kwenye tangi chini ya sakafu, kwa kuwa kisima hakuna. Umeme ni wa jua. Choo hakitumii maji, kinageuza taka kuwa mboji. Maji ya kuogea yanapitishwa kwenye kitalu cha mimea inayoyasafisha, yasije yakafika mwambani. Ukuta wa mbele wa chumba unateremshwa, unalala ukiitazama bahari. Uingereza waliipa Chumbe tuzo ya British Airways ya utalii mwaka 1999, Umoja wa Mataifa nao ukaiingiza kwenye orodha yake ya Global 500 mwaka 2000. Walistahili. Lakini mie ningewapa tuzo kwa ajili ya tangi lile la mvua tu, katika kisiwa chetu hiki ambacho hoteli zinachota visima vya vijiji mpaka maji yanageuka chumvi.

Na ningewapa nyengine kwa wanafunzi. Mitaala ya skuli wakati hifadhi inaanza ilikuwa haigusi matumbawe hata kidogo, katika nchi iliyojengwa kwa matumbawe! Chumbe ikaanza kuwaleta watoto bure, kwa siku moja moja, na maelfu wameshapita. Fikirieni mtoto wa kike wa Unguja, baba yake mvuvi, babu yake mvuvi, na yeye hajawahi kuingia maji yanayompita kiuno. Anavalishwa jaketi na miwani, anashikwa mkono na mwalimu, anainamisha uso. Hiyo ndiyo elimu ya bahari.

Si kila kitu ni laini. Bei ya kulala ni kubwa kwa mfuko wa Mzanzibari au Mtanzania wa kawaida, na idadi ya wageni kwa siku imewekewa kikomo, kwa hiyo safari ya mchana inapatikana tu pale nyumba zinapokuwa hazijajaa. Kikomo nakiunga mkono kwa moyo wote. Ndicho kinachomfanya chewa yule asikimbie. Bei ningetaka itazamwe kwa jicho jengine upande wa wananchi, hasa familia, kwa sababu hifadhi isiyotembelewa na wenyewe inakosa wa kuitetea siku ikija kuguswa.

Uongozaji unapendeza, chakula ni cha kwetu hasa, samaki, wali wa nazi na viungo, na hakuna muziki wa kupasua masikio popote. Kuzamia kwa mitungi hakuruhusiwi, na baada ya kuona hupungukiwi na kitu, maana mwamba uko karibu na uso wa maji.

Kwa hiyo, wenye harusi inayokuja, wapelekeni bwana na bibi harusi Chumbe badala ya hoteli ya ghorofa. Walimu, andikeni barua mapema kuomba nafasi ya darasa lenu. Wenye watoto wanaojua kuogelea, na wasiojua pia, wapelekeni. Ulizeni bei ya mkaazi kabla hamjakata tamaa, na ulizeni pia saa za maji: kujaa kwa ajili ya mwamba, kupwa kwa ajili ya madimbwi. Chukueni fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo, viatu vya mpira na tochi. Wakati wa masika kisiwa hufungwa kwa wiki kadhaa. Miezi mingine boti huondoka ufukwe wa Mbweni saa nne asubuhi, na nafasi ni chache, wekeni mapema.